Plaki Yenye Niliipima Kupitia Ukuta

Nilisoma miaka miwili na nusu kwa bamasere, batawa ba kanisa, basi. Ninasema mbele, ili muntu asifikiri ananivumbua. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia atelye moja ya mugodi, kule bantu balikuwa banafunga upya waya za moteri zenye ziliungua. Mikono ilikuwa inafagia, macho yalikuwa yanasoma. Siku moja mukubwa wa atelye alinikuta nimefunga moteri nzima peke yangu, na inazunguka. Alinitukana kwanza, kisha akaninyang'anya fagio. Tangu ile siku sikushika tena fagio ya muntu. Nyumba yangu hapa Lubumbashi, matofali yake, masomo ya batoto sita, yote yalitoka katika hii mikono. Leo niko muzee, lakini nikisikia muntu anasema juu ya kintu cha umeme kwamba "ilisha kufa", damu inapanda. Kufa ni neno kubwa. Bintu bingi habifi. Bajinga njo banabichoka.

Mutoto wangu wa nne anafanya kazi kwa mugodi wa Kinsevere. Anakaa kule majuma matatu, anarudi juma moja. Muke wake anaishi ndani ya lupango, kiwanja cha nyumba yangu, katika nyumba ya nyuma. Huyu mukwe wangu iko na asma, ule ugonjwa wa pumzi. Mwaka wenye aliolewa alikuwa anapika na makala kama bantu bote. Mvua moja kubwa ikanyesha, akaingiza mbabula, jiko la makala, ndani ya jikoni, moshi ukamukamata. Tulimubeba hospitali na midomo ya rangi ya majivu. Daktari hakutuhubiria. Alisema: huyu na makala, basi, mumalize.

Njo sababu mutoto wangu alinunua plaki ya umeme, ile ya kioo cheusi, yenye macho ine ya kupikia, na akaifunga ndani ya meza ya simenti kwa nguvu, hata mwizi angeiacha. Ile plaki haina moto wa kuonekana. Yenyewe inabaki baridi, inapasha chungu tu. Na inachagua: chungu ya chuma inakubali, ya aliminyu inakataa.

Sasa, bukari. Kwetu bukari, ugali wa muhindi, inakorogwa ndani ya chungu nzito ya aliminyu, zile zinamiminwa hapa hapa mujini. Hakuna muke wa Katanga atakubali kukorogea bukari ya bantu saba ndani ya kintu chepesi chenye kinakimbia na mwiko. Plaki ikakataa ile chungu. Mimi nikacheka. Rafiki yangu alikuwa ameniletea bamba la chuma kutoka Kambove, chuma kizee cha mashini. Nilikata duara, ukubwa wa sahani, nikasugua mpaka ikangaa. Unaiweka juu ya plaki, chungu juu yake. Plaki inaona chuma, chuma inapasha aliminyu. Ikakubali! Nilitembea na ile habari mutaa muzima. Nilifika nayo mpaka parokia, nikaielezea bakristu nje ya misa, mikono hewani.

Ile duara sikumupa mukwe wangu mimi mwenyewe. Muke wangu njo aliibeba. Kwetu, bantu ba kaskazini, baba hazungumuzi uso kwa uso na muke wa mutoto wake, na jikoni yake haingii. Ni bukwe. Nikipita, anapiga magoti na kuangalia chini; mimi naangalia upande. Kama iko neno, muke wangu analibeba, linakwenda, linarudi. Mimi nilikomaa na ile sheria na niliona ni nzuri. Inazuia maneno mengi.

Mwanzo wa mvua, plaki ikaanza kulia. Anapika bukari, kitambo kidogo jicho kubwa linazimika, herufi moja na namba moja vinawaka juu ya kioo, na kelele kama kifaranga amekanyagwa. Kisha macho yote ine yanagoma.

Tuliita teknisye wa duka lenye liliuza plaki, mubaba na shati ya kola. Alifungua telefone yake, akasoma maana ya ile namba: sonda ya joto ya jicho kubwa. Sonda ni kidonge kidogo kama punje ya muhindi. Kinakaa chini ya kioo, kinakigusa, na kinaambia karti ya elektroniki, ubongo wa plaki, joto limefika wapi. Alibadilisha ile sonda, akachemsha maji ndani ya birika, yakachemka vizuri, akaenda zake. Kesho yake mukwe wangu akapika bukari: kifaranga kikalia tena. Teknisye akarudi. Safari hii hakufungua hata skrubu moja. Alitoka jikoni anapangusa mikono, na mikono haikuwa na uchafu.

"Karti ilisha kufa," akaniambia. "Plaki ni ya kutupa. Juma ya kwanza, siku ya kuanza kazi, nitapita kuibeba, niwatoshee uchafu ndani ya nyumba."

"Uliipima?"

"Vye, muzee wangu, hii hapana resho ya waya ya zamani zenu. Hii ni elektroniki."

"Nimekuuliza: uliipima?"

"Telefone iliandika."

"Telefone njo iliipima?"

Muke wangu alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, pale karibu. Akacheka ndani ya majani.

"Papa, na heshima yote," akasema teknisye, "munisamehe. Muliishiaka darasa ya ngapi?"

"Ya pili na nusu. Na weye nusu yako iko wapi? Nusu ya kufungua skrubu na kuangalia?"

Akaenda bila kuaga. Mimi nikabaki na hasira yangu, na hasira ni kintu kizuri kama unaipatia kazi.

Nilimupa mukwe resho yangu ya waya, jiko ndogo ya umeme yenye nilitengeneza mwenyewe. Maji na mboga, sawa. Lakini bukari huwezi kukoroga juu yake, inapinduka. Basi kwa bukari akatoka nje na mbabula, chini ya bati. Muke wangu akamwambia, acha, nitakupikia. Lakini muke wangu pia anapika na makala, na moshi wa lupango hauulizi wewe ni wa nani. Siku ya kwanza nikasikia kikohozi. Siku ya pili kilianza na filimbi ndani yake, ile filimbi ya kifua chenye kinafungika. Siku ya tatu nilimuona ameshika nguzo kwa mukono mumoja, mwiko kwa mukono mwingine, anangojea pumzi irudi ili amalizie bukari yetu. Yetu. Mimi pia nilikuwa ninaikula.

Nikaweka sahani chini. Nikaita muke wangu.

"Nitaangalia ile plaki."

"Utaingia jikoni ya mukwe? Weye? Na bukwe yote yenye unahubirikia bantu?"

"Sitaingia. Ukuta iko na matundu."

Ni kweli. Ile jikoni nilijenga mimi, na juu kidogo niliweka matofali ya matundu, ya kupitisha hewa. Nikaweka kiti nje, mugongo kwa ukuta, uso kwa muti wa avoka wa jirani. Ndani, mukwe na muke wangu. Kuleta plaki nje haikuwezekana, ilikuwa imefungwa katika simenti. Na hata kama ingewezekana, mimi napima mugonjwa kwenye kitanda chake, kwenye anaugulia.

Tulianza kwa heshima. Mimi nasema neno, muke wangu analirudilia ndani, mukwe anajibu, muke wangu ananiletea jibu mpaka kwenye matundu. Neno la nne, muke wangu akachoka.

"Aa! Mi hapana telefone yenu! Papa, semea ukuta. Na weye mama, semea ukuta vilevile. Ukuta haina bukwe na muntu."

Njia hiyo iko kwetu, ni ya zamani: ukiwa na haraka unasemea kintu, na muntu anasikia. Nikakohoa kidogo.

"Ukuta," nikasema, "uambie muntu mwenye iko ndani ashushe swichi kubwa ya umeme, kisha asiguse kintu. Tusali fungu moja la rozari. Umeme unabaki ndani ya karti kama hasira ndani ya muntu mwenye amenyamaza. Unaungojea utoke wenyewe."

Tukasali. Salamu Maria kumi, bila haraka. Kisha wakafungua skrubu, wakainua kioo wote wawili, wakakilaza juu ya blanketi. Mashini yangu ya kupima, ile ya sindano mbili, nyekundu na nyeusi, nilikuwa nimeipitisha kupitia muke wangu.

"Ukuta, sonda ziko ine. Apime kila moja, moja moja. Asiniambie kama ni nzuri. Aniambie kama ni ndugu."

Hapa nitasema kintu kwa benye diploma. Mimi sijui namba gani sonda inatakiwa kuonyesha. Sikuijua ile siku na sikuona haya. Katika atelye, moteri ilikuwa na waya tatu za tumbo moja. Unazipima, na yenye inatofautiana na ndugu zake njo mugonjwa. Haina lazima ya kitabu. Familia yenyewe inamutaja.

Sauti ya mukwe ikapita katika matundu. Sikuwa nimewahi kusikia sauti yake ikisema maneno mengi.

"Ukuta, mwambie Papa: mia moja na mbili. Ya pili, mia moja na moja. Ya tatu, mia moja na tatu. Ile ya jicho kubwa, mia moja na mbili."

"Ni ndugu. Sasa aikamate kila moja kati ya vidole, aipashe na mwili wake."

"Inashuka! Papa, inashu… ukuta, nasema inashuka."

"Zote?"

"Zote. Polepole, sawasawa."

"Achezeshe na waya."

"Nachezesha. Namba hairuki."

Basi sonda ilikuwa nzima. Na ile ya zamani yenye teknisye aliitosha ilikuwa nzima vilevile, naapa, naweka mukono kwa moto. Wakarudisha kioo, wakafunga, wakapandisha swichi. Nikaagiza birika la chuma juu ya jicho kubwa, moto wa mwisho. Tulingojea. Maji yakachemka, yakaongezwa, yakachemka tena. Kifaranga hakikulia.

"Munaona?" nikapiga kelele, hata nikasahau ukuta. "Maiti haichemshi maji! Hakuna karti yenye ilikufa hapa!"

"Sasa ni nini?" muke wangu akauliza.

"Sasa chungu ya bukari. Lakini si kwenye jicho kubwa. Kwenye jicho la pili, kando yake."

Nikasikia chungu inawekwa. Kitambo cha kuvuta sigara moja, kama bado ningekuwa navuta, na kifaranga kikalia. Namba nyingine, muke wangu akasema, namba ya jicho la pili.

Nikainuka kwenye kiti changu. Ugonjwa ulihama. Haukubaki na jicho, haukubaki na sonda, haukubaki na karti. Ulitembea na chungu.

"Ukuta, muulize: chini ya ile chungu kuko nini?"

Nikasikia pumzi yake tu, na ile filimbi.

"Ukuta, ninangojea."

"Ukuta…" Akakohoa. "Ukuta, mwambie Papa, kuko kile kintu chenye alinipa."

Muke wangu alitoka nayo imefungwa katika kitambaa, ilikuwa bado moto. Akaiweka mbele ya miguu yangu juu ya simenti, akashika kiuno. Ilikuwa duara yangu. Ile yenye nilisugua mpaka ikangaa. Sasa ilikuwa na rangi ya buluu na ya zambarau kama jicho lenye limepigwa, na ilikuwa imekunjama. Niliigusa na fimbo: ikatikisika huku na huku. Moto uliipinda. Ilikuwa inagusa chungu mahali pamoja tu, hapo katikati. Joto lote halikupanda kwenye bukari, lilibaki chini, linachoma kioo. Sonda haikuwa mugonjwa hata siku moja. Sonda ilikuwa shahidi. Ilikuwa inashitaki kila siku, mbele ya bantu bote, na mwenye ilikuwa inamushitaki ni mimi.

"Ukuta, muulize alijua tangu lini."

"Tangu ilianza kupindika."

"Na hakusema!"

"Ni zawadi ya Papa," ikasema ile sauti. "Ningemwambiaje Papa zawadi yake inaharibu plaki? Mi ni nani?"

Basi aliona ni rahisi zaidi kutoka nje na mbabula. Kifua chake kifungike, lakini muntu asiguse duara ya muzee. Hakuna shule yenye ilinifundisha hiyo, na bado nilifikiri nimeijua dunia.

"Na weye ulitembea na ile sahani mpaka parokia," muke wangu akasema.

"Nilitembea. Na nitatembea tena kuwaambia ilikunjama. Nipe kuku."

"Kuku ya nini?"

"Unajua ya nini."

Kwetu, kama muntu anataka kutosha ile haya ya bukwe, anabeba kuku muzima mikononi. Familia yangu ilisema baadaye nilifanya haraka, kwamba hiyo inangojea batoto wazaliwe, kwamba ilitakiwa kuita bakubwa, kwamba mimi nani kugeuza. Waseme. Bakubwa hawakushika ile nguzo na kungojea pumzi irudi. Nilikwenda na kuku wangu mpaka kizingiti cha jikoni, sikukivuka. Mukwe alikuwa amepiga magoti. Nilimuangalia uso kwa uso mara ya kwanza, na nikaona ni mutoto muzuri, mwenye macho ya muntu anayefikiri.

"Pokea," nikasema. "Tangu leo ukuta ipumzike. Kama nimekupa kintu kibaya, sema kibaya. Kama sisikii, sema na nguvu."

"Eyo, vidye," akajibu, vile tunajibu bakubwa, na akapokea kuku kwa mikono miwili. Kuku ikamuharia juu ya kitenge. Muke wangu akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini heshima haikorogi bukari. Chungu ya chuma ilihitajika, nzito, yenye chini yake iko sawa. Nilizunguka sokoni na sumaku ya spika nzee, napima kila chungu, na bamama wauzaji bananicheka: "Papa, uko unazipima malaria?" Zenye sumaku ilishika zilikuwa nyepesi kama karatasi. Nikarudi nyumbani, nikainama chini ya kitanda, nikavuta chungu ya mama yangu. Ni ya chuma cha kumiminwa, nyeusi, ya magulu matatu ya kusimama juu ya moto. Alikuja nayo kutoka kaskazini ndani ya treni, wakati baba alipata kazi ya reli. Sumaku ikaruka, ikashika kama mume na muke siku ya kwanza.

Muke wangu aliniona na msumeno.

"Utakata magulu ya chungu ya mama yako?"

"Mama yangu alikufa macho mekundu ya moshi. Angeyakata mwenyewe."

Nilikata. Moja, mbili, tatu. Nikasugua chini yake kwenye jiwe la umeme la kunolea, cheche zinaruka mpaka kwenye majani ya avoka.

Juma ya kwanza teknisye akafika kubeba plaki yake. Nilimungojea kwenye mulango wa lupango na ile duara iliyokunjama.

"Beba hii," nikamwambia. "Hii njo ilisha kufa."

Aliigeuza. Si mujinga, alielewa kabla sijaeleza. Akatabasamu.

"Sasa vye, kumbe kosa ilikuwa ya weye mwenyewe?"

"Ya mimi mwenyewe. Nilipima, njo sababu ninaijua. Weye haukupima, ya kwako haujaijua mpaka leo."

Tabasamu ikarudi kwenye ilitoka. Duara hakuibeba, iko hapa mbele yangu, naiwekea kikombe cha chai, na kikombe kinatikisika.

Saa sita ya ile siku mukwe wangu akaweka chungu ya mama juu ya jicho kubwa. Nilikuwa nimekaa pale pale nje, lakini safari hii nilikuwa nimegeuza kiti, uso kwa mulango. Maji yakachemka. Akamwaga bunga, akakoroga, mwiko ukapiga chuma, sauti nzito yenye sikuisikia tangu utoto wangu. Kifaranga kikanyamaza. Akakoroga mpaka mwisho bila kusimama, bila kushika nguzo, na hakukohoa. Akafunika. Nikajitengeneza kwenye kiti kama bwana harusi, ninangojea sifa.

Akatoka, akapangusa mikono kwa kitenge, akapiga magoti. Kisha akainua macho, akaniangalia.

"Papa, chungu iko inatikisika. Upande mumoja haukukatwa sawasawa."

Nilikasirika, nisiseme uongo. Kisha nikanyoosha mukono kuomba ile chungu. Tulipomaliza kula na chungu ikapoa, nikaipindua na kuweka juu yake kipande cha kioo cha dirisha kupima. Kweli: pale gulu la tatu lilikuwa, pamebaki nundu kama punje ya muhindi.

Nikairudisha kwenye jiwe.